Watu wa jangwani wanasimama: hotuba yangu kwa Waswahili wa Phoenix

Waliokuwa kazini Jumamosi wamenisumbua sana kwenye simu, basi hii hapa hotuba yote kama nilivyoizungumza kwenye mkusanyiko wetu. Picha za kwenye skrini nimeziacha, nusu yake ni punda.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, Wakongo wangu jambo yenu, Warundi amahoro, vijana mambo? Haya, kumbe mpo.

MC amenitambulisha kama "yule nesi wa pikipiki" na akaniomba niongee na vijana kuhusu safari zangu za jangwani, nadhani wazazi fulani wametumaini nitawaambia pikipiki ni hatari ili wamalize mabishano nyumbani. Mtanisamehe. Sikuja kwa hiyo kazi.

Nianze na swali. Hapa tulipo, nani anamjua jirani yake wa mlango wa pili kwa jina? Nyoosheni mikono. Jamani, nyoosheni. Naona mikono mitatu, na mmoja wenu jirani yake ni shemeji yake, hiyo haihesabiki.

Mnaona sasa. Tunaishi Arizona, lakini Arizona yetu ni ipi? Ni kazini, nyumbani, Walmart, kanisani au msikitini, alafu kazini tena. Tumekaa hapa mpaka watoto wanatujibu kwa Kiingereza, ila mwenyeji wa hapa hatumjui. Tunamjua bosi. Tunamjua polisi kwa mbali. Tunamjua mwenye nyumba tarehe moja ya mwezi. Mimi wenyeji wa nchi hii nimewajulia kando ya barabara, na aliyenikutanisha nao ni pikipiki.

Kwa nini pikipiki na sio gari? Ukiwa ndani ya gari una vioo, una eisii, una taarabu yako, unapita mji mzima hujasema neno. Kwenye pikipiki uko wazi, mtu anaona vumbi, anaona jasho, anajua una kiu kabla hujafungua mdomo. Kwenye sheli za huku, ukizima injini tu na kuvua helmeti, kuna mtu ashafika. Unatoka wapi? Unaenda wapi na joto hili? Hiyo injini ni cc ngapi? Marehemu baba alikuwa nayo moja, nyeusi, mama akamlazimisha aiuze. Yaani hujamaliza kujaza tanki ushapewa historia ya ndoa ya watu.

Na wenyewe kwa wenyewe waendesha pikipiki wana salamu yao, wakipishana wanashusha mkono wa kushoto chini na vidole viwili vinaelekea lami. Wa kushoto kwa sababu huku tunapita kulia, anayekuja yuko upande huo, na mkono wa kulia una kazi yake, ndio wenye aksela na breki ya mbele. Hujui ni nani, ana helmeti na miwani meusi, anaweza kuwa hakimu anaweza kuwa mtu aliyetoka jela juzi, anakusalimia tu. Mara ya kwanza nilidhani nina kitu kinaning'inia.

Sasa kisa cha kwanza, na hiki nitakaa nacho maana ndicho nilichokuja kusema.

Kuna barabara ya 191, inatoka Chinle kupanda Many Farms, kaskazini mashariki mwa jimbo letu hili. Hiyo ni nchi ya Wanavajo, wenyewe wanajiita Diné. Watu wakisikia "hifadhi ya Wahindi wekundu" wanafikiri ni kijiji kimezungushiwa uzio. Wapi! Ardhi yao imeingia Arizona, New Mexico na Utah, ni kama kilomita za mraba 70,000, chukueni Rwanda na Burundi mziunganishe bado hazifiki. Kuna serikali yao, rais wao, mahakama zao, polisi wao. Na pombe ni marufuku kuuza, wale wenye desturi ya kubeba kijisanduku cha baridi mnanielewa.

Basi niko kwenye 191, tairi la nyuma linaanza kucheza. Nikaegesha. Skrubu imezama katikati ya tairi. Nina vifaa, nikang'oa ile skrubu, nikasukuma plagi ya mpira, imeingia vizuri kabisa. Nikachukua kipampu kidogo kile cha kuunga kwenye betri, kikalia kidogo, kikanyamaza moja kwa moja. Simu haina mtandao. Kila upande ni ardhi nyekundu, mwamba mmoja mkubwa huko mbali, na waya wa uzio. Kivuli pekee ni cha pikipiki yenyewe, na hicho nacho hakitoshi kichwa.

Nikaona pikapu inakuja, nyuma imebeba tangi la plastiki jeupe, lile la mraba lenye fremu ya chuma. Sikupunga mkono. Nilikuwa nimejiambia watu wa huku hawanijui, mimi mtu mweusi nimevaa nguo nyeusi za ngozi, nani atasimama?

Akasimama. Mzee na mke wake. Hakuuliza wewe nani, hakuuliza una kibali gani, aliangalia tairi akauliza, "Una maji?"

Sasa sikilizeni jamani. Lile tangi nyuma lilikuwa la maji. Walikuwa wametoka kuteka kwenye ofisi ya serikali ya kijiji chao, wanapeleka nyumbani, kwa sababu kwenye ardhi ya Wanavajo karibu nyumba 3 kati ya 10 hazina maji ya bomba. Marekani hii hii! Watu wanaendesha maili kwa maili kufuata maji, wanarudi nayo, mifugo inakunywa humo humo, kupikia humo humo, kuoga humo humo. Mzee akaenda nyuma ya pikapu, akafungua koki kule chini ya tangi, ile koki ilikuwa imefungwa kitambaa ili isivuje hata tone, akajaza chupa zangu zote. Alafu akaniambia vua jaketi, akanimwagia shati. Nikamwambia mzee inatosha, inatosha, yeye anamwaga.

Nani hapa hajawahi kubeba dumu? Nani hapa hajapanga foleni ya ndoo, Kigoma, Uvira, Nyarugusu kambini? Sisi tunajua maji ya kuteka yana uchungu gani. Mtu wa bomba akikupa maji amekupa maji. Huyu alinipa safari yake ya asubuhi.

Mzee akaenda nyumbani kuleta kompresa. Mama akabaki na mimi, akakaa pembeni kwenye boksi, akafungua mwavuli tukagawana kivuli. Na wakati tumekaa pale, hakuna gari lililopita bila kusimama. Vijana kwenye kigari kibovu mlango wa rangi tofauti: wakasimama. Dada mmoja amevaa sare ya hospitali: akasimama. Basi tupu la shule, dereva akashusha kioo: na yeye akasimama. Mama anawapungia tu, tuko salama, mzee amefuata kompresa.

Nikamuuliza mama, kwa nini kila mtu anasimama? Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini watu wanakula. Akasema ukimpita mtu hapa, wa nyuma yako anaweza kuja baada ya saa nzima, na usiku kuna baridi. Basi. Hakuna falsafa.

Alafu akaniuliza kitu ambacho tangu nifike Marekani sijaulizwa. Hakuniuliza nafanya kazi gani. Aliniuliza ukoo wa mama yangu, na ukoo wa baba yangu. Kwao mtu akijitambulisha vizuri anataja koo nne, wa mama kwanza, kisha wa baba, kisha wa babu mzaa mama, kisha wa babu mzaa baba, na kutokana na hapo mnajua kama mna undugu, nani umwite kaka, nani huwezi kumuoa. Yeye ni wa ukoo wa Maji Machungu. Nikamwambia mimi mama ni Mpare, baba Mnyamwezi, nikaenda mpaka kwa mababu. Akasikiliza yote kwa utulivu, akasema, "Sawa, hatuna undugu, unaweza kuoa huku." Na nimeshaoa, mke wangu yule pale anacheka, mwacheni acheke.

Nikamuuliza je, visima hamna? Akasema viko, kuna kimoja karibu na kwao hata kwa mguu unafika, ila wameambiwa wasiguse. Urani. Kuanzia 1944 mpaka 1986 makampuni yalichimba urani kwenye ardhi yao kwa ajili ya mabomu na baadaye mitambo ya umeme wa nyuklia, wakaondoka wakaacha migodi zaidi ya 500 wazi, baadhi ya maji yakaharibika. Ndugu zangu wa Kongo, mmetikisa kichwa, nimewaona. Urani ya Shinkolobwe, ule mgodi wa kwenu Katanga, nayo ilikuja huku huku. Mama alilisimulia hili bila hasira ya kuonyesha, anapepea nzi na kofia, mimi ndiye nilikuwa nimekasirika.

Mzee akarudi, tukajaza upepo, plagi ikashika. Nikatoa hela. Akakataa. Nikatoa tena, akakataa, na nikaona nikitoa ya tatu nitamuudhi. Nikakumbuka nina karanga za kukaanga na chapati za mke wangu kwenye begi la pembeni. Hizo akapokea! Akala chapati palepale amesimama, akasema kwao pia kuna mkate unaotengenezwa hivi, na mama akaongeza kwamba ule wao wa kukaangwa kwenye mafuta ulianza kwa shida, babu zao walivyoswagwa na jeshi mwaka 1864 kwa miguu mpaka Bosque Redondo kule New Mexico, wakawa wanapewa unga na mafuta ya nguruwe hamna kingine, mpaka waliporuhusiwa kurudi 1868. Ndio chakula kinachouzwa leo kila gulio. Tena mtamu, na nyama ya kondoo, msiniulize.

Haya, jambo la pili ninalotaka kusema ni salamu, na hapa nitaenda haraka maana nasikia nyama inaungua.

Sisi tunajisifu kwa salamu. Hujambo, watoto, nyumbani, za tangu juzi, dakika tano hatujafika kwenye shida. Tukija huku tunaiacha salamu uwanja wa ndege. Kwa nini? Eti Wazungu hawana muda. Wale wa Phoenix labda. Nendeni vijijini.

Nendeni Hatch, New Mexico, mwezi wa nane au wa tisa, mji mzima unanukia pilipili, wanazichoma kwenye mapipa ya nyavu yanayozunguka juu ya moto wa gesi, ngozi inababuka inapukutika. Nikasimama kwa mama mmoja anayeuza, Kihispania changu cha kuokoteza, nikamsalimia kwanza, nikamuuliza kazi inaendaje, nikauliza mvua. Kabla ya bei. Akaniita mwanangu. Akaniuliza lile swali lao, nyekundu au kijani? Msicheke, hilo ni swali rasmi la jimbo la New Mexico, bunge lao lilikaa likapitisha. Ukitaka zote mbili unasema "Christmas". Akanionjesha ile kali akisubiri nilie. Akasubiri. Wajameni, mtu amelelewa na pilipili kichaa anatishwa na hiyo? Nikamuomba nyingine. Akamwita dada yake aje aone, dada akamwita mume wake, nikawa maonyesho ya kijiji.

Au Seligman, hapa hapa Arizona, kwenye barabara ya zamani ya Route 66. Tarehe 22 Septemba 1978 ilifunguliwa barabara kuu mpya ya I-40 pembeni, magari yote yakahamia huko, mji ukabaki na maduka yake unatazama lami tupu. Kinyozi wao Angel Delgadillo na wenzake wakakaa mwaka 1987 wakaanzisha chama cha kuitetea ile barabara ya zamani, na leo wageni wa dunia nzima wanapita. Pale ukiegesha unakaribishwa mpaka unaona aibu. Najua mtu atasema ule ni ukarimu wa biashara. Ni kweli, na kuna ubaya gani? Mtu aliyewahi kuona wageni wakikatika siku moja anajua kumshukuru anayesimama. Mimi kahawa waliniuzia, stori walinipa bure.

Oatman sisemi kitu, kule wenyeji wa kwanza kukupokea ni punda, vizazi vya punda walioachwa na wachimba dhahabu, wanatembea katikati ya barabara, na mmoja aliingiza kichwa chote kwenye begi langu. Chapati tena.

Ila salamu ina adabu yake, vijana nisikilizeni. Vijiji vya Wahopi, kabila jingine la wenyeji wa huku, ni marufuku kupiga picha, kurekodi, hata kuchora. Usiingie simu imeinuliwa. Na hao Wahopi wamezungukwa na Wanavajo pande zote, sasa Arizona kiangazi hatusogezi saa mbele kama majimbo mengi ya Marekani, Wanavajo wanabadilisha, Wahopi hawabadilishi. Moenkopi ni ya Wahopi, Tuba City ya Wanavajo, zinatazamana barabarani na kiangazi zimepishana saa nzima. Nilimuuliza dada wa kahawa wanafunga saa ngapi, akaniuliza, "Kwa saa ya nani?" Na mimi kichwani bado nahesabu saa za Kiswahili. Tulicheka mpaka kahawa ikapoa.

La tatu ni woga. Hili ndilo mlilotaka kuniuliza tangu mwanzo mkaona haya. Wewe mweusi, lafudhi nzito, peke yako huko, huogopi?

Naogopa. Kuna moteli moja, taa ya nje imeandikwa vyumba vipo, nimeingia mwenye pale akanitazama akasema vimejaa, na taa bado inawaka nyuma yangu. Sitawadanganya kwamba kila mlango ulifunguka. Lakini someni habari za Bessie Stringfield. Mwanamke mweusi, miaka ya 1930 na 1940, amezunguka Marekani hii peke yake kwenye pikipiki, akinyimwa chumba analala juu ya pikipiki yake sheli, jaketi amelikunja mto juu ya usukani, miguu kwenye madigadi ya nyuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa anapeleka barua za jeshi. Amefariki 1993. Mimi nina simu, bima, na sheria iko upande wangu, nitamwambia nini yule mama?

Na woga wenyewe mara nyingi haujui kuchagua. Quartzsite, kule karibu na mpaka wa California, nimefika kiangazi joto limepita digrii 43. Sheli wamejaa majamaa wa ndevu ndefu, ngozi, tatuu mpaka shingoni, bendera nyuma ya pikipiki. Mimi moyoni nikasema leo ndio leo. Mmoja mkubwa akanijia moja kwa moja. Mnajua alichotaka? Aliniona nimefungua zipu zote za jaketi, akaniambia rafiki yangu unajiua. Akanieleza kwamba hewa ikishakuwa ya moto kuliko mwili, upepo haukupozi tena, unakupika, na jasho linakauka kabla hujalihisi. Loweka fulana, vaa, funga jaketi juu yake uache upenyo kidogo tu, simama kila baada ya nusu saa. Akachukua mpira wa maji wa pale sheli akaniloweka mwenyewe, akanitilia mfukoni pakiti za chumvi na sukari. Ndio nimefika Phoenix mzima, na sisi manesi tunajiona tunajua mambo ya maji mwilini.

Na mzee mmoja wa pale, wale wachache wanaobaki kiangazi wenye matrela wanaokuja majira ya baridi wakishakimbia joto, akanipeleka makaburini nikaone piramidi ya mawe yenye ngamia juu. Amezikwa Haji Ali, jeshi la Marekani lilimleta 1856 pamoja na ngamia wajaribu kubebea mizigo jangwani, wenyeji ulimi ukawashinda wakamwita Hi Jolly. Mradi wa ngamia ukafa, yeye akabaki, akafariki 1902, na 1935 serikali ya jimbo ikamjengea hilo kaburi. Yule mzee anafagia pale kwa hiari yake, hakuna anayemlipa. Akaniuliza kama najua dua ya kusoma. Kwa vile mimi ni Mkristo, nikampigia simu swahiba wangu, huyu hapa Ustadhi amekaa mbele, akasoma Fatiha kwenye spika, mzee amevua kofia na ufagio kwapani.

Sasa vijana, mambo ya kufanya. Tunatoka mwezi wa kumi, joto limeshuka. Anayetaka aje anione pale kwenye nyama. Leseni iwe na daraja M, hiyo sibishani. Kila mtu lita 4 za maji, plagi, na pampu, mpya tafadhali. Karanga na chapati ni wajibu. Na helmeti: najua Arizona ukishafika miaka 18 sheria haikulazimishi. Sheria ya Arizona haiendeshi na mimi. Asiye na helmeti abaki na MC.